Zama za Dhahabu ya Kuchovya: shajara ya sura ya nne

11 Januari

Sura ya nne imerudi mezani. Nilidhani nimeimaliza kabla ya Krismasi: kurasa kumi na mbili juu ya Marekani tangu walipomaliza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1865 hadi mwisho wa karne ya 19. Ni za wanafunzi wangu wa kidato cha tano na cha sita. Darasani historia wanaisoma kwa Kiingereza, lakini wakitoka nje hubishana kwa Kiswahili, na kijitabu hiki nakiandika kwa ajili ya huo ubishi wa nje. Sura niliipa kichwa "Enzi ya Dhahabu ya Marekani".

Jana binti mmoja wa kidato cha sita, aliyejitolea kuipitia rasimu, alinirudishia ikiwa na swali moja pembezoni kwa penseli: "Mwalimu, kama ilikuwa enzi ya dhahabu, mbona wafanyakazi wa reli waligoma 1877 mpaka wakapigwa risasi?"

Nimeshinda na swali hilo. Kosa ni langu na liko kwenye kichwa. Wamarekani hawakuiita enzi ya dhahabu. Waliiita Gilded Age, yaani zama zilizopakwa dhahabu juu. Nimechukua jina la kusuta nikaligeuza la kusifu, na mwanafunzi atakayelishika ataona kila anachosoma baada ya hapo kinampinga.

Kwa hiyo kazi ya wiki hizi ni kufuatilia jina lilitoka wapi na lilimsuta nani, kisha nilitafutie Kiswahili chake. Sura ya tano isubiri.

14 Januari

Chimbuko ni riwaya. Iliandikwa Hartford, katika jimbo la Connecticut, na majirani wawili: Mark Twain, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Samuel Clemens, na Charles Dudley Warner, mhariri wa gazeti la mji huo. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakila chakula cha usiku pamoja, wakawa wanazidharau riwaya walizokuwa wakizisoma wake zao, nao wake zao wakawaambia: haya, andikeni iliyo bora. Wakaianza Februari 1873 na kuimaliza majira hayo hayo ya kuchipua, wakipokezana sura. Ilitoka Desemba 1873 kwa jina la The Gilded Age: A Tale of Today.

Nimeirudia kwa ajili ya sura hii, na nashukuru nimeirudia, kwa sababu nilikuwa nimesahau jiko.

Kuna mhusika anaitwa Kanali Sellers, mtu mwenye mipango ya utajiri kila asubuhi. Msemo wake ni kwamba humo mna mamilioni: katika dawa ya macho, katika reli, katika mji ambao bado ni matope. Anampenda kila mtu na anaamini kila neno analosema. Jioni moja ya baridi kijana aitwaye Washington Hawkins ni mgeni nyumbani kwake. Wamekaa mbele ya jiko la kuotea moto lenye kidirisha cha ulanga, madini yanayopitisha mwanga kama kioo, na nyuma ya ulanga ule mwanga mwekundu unaonekana. Kijana anasikia baridi, anajisogeza karibu, bado baridi, anasogea tena. Mwishowe anakigonga kwa bahati mbaya chuma kilichoushikilia mlango. Mlango unaanguka. Ndani ya jiko mna mshumaa mmoja, basi. Sellers hatahayari hata kidogo. Anaeleza kitaalamu kwamba joto jingi linaleta maradhi ya viungo, na kwamba familia inachohitaji ni sura ya moto.

Siku nyingine chakula chote mezani ni maji safi na mizizi iliyo ndugu wa figili, navyo vinasifiwa kama karamu ya mabwana.

Nimeamua tukio la jiko lipate ukurasa mzima katika sura, hata kama itabidi nipunguze habari za uchaguzi. Riwaya yenyewe hailifafanui jina lake katika dibaji, na nadhani haikuhitaji. Jiko lile ndilo ufafanuzi.

(Jambo dogo lililonigusa: katika chapa ya kwanza Kanali aliitwa Eschol Sellers. Akatokea mtu wa kweli mwenye jina hilo hilo, akalalamika, na jina likabadilishwa kuwa Beriah.)

17 Januari

Nimetafuta nyuma ya riwaya. Wengi wanaoandika juu ya jina hili wanaliunganisha na tamthilia ya Shakespeare ya Mfalme John, ambamo mfalme anatawazwa mara ya pili bila haja, na mkuu mmoja anamwambia kwamba kupaka dhahabu juu ya dhahabu safi na kulitia rangi ua la yungiyungi ni ufujaji wa kuchekesha. Nitalitaja kwa sentensi moja. Halinisaidii sana, kwani Sellers hakupaka dhahabu juu ya dhahabu.

Kinachonisaidia zaidi ni cha kale zaidi. Mshairi wa Kigiriki Hesiodo aliwapanga binadamu kwa vizazi vya dhahabu, fedha, shaba, mashujaa na chuma, na tangu hapo "enzi ya dhahabu" ikawa namna ya kusema wakati wa heri. Msomaji wa Marekani wa 1873 alizijua habari hizo. Akiliona jina la riwaya dukani, jicho lake lilitarajia golden likakuta gilded. Kichwa changu kiliufuta mchezo huo wote.

20 Januari

Leo nimekwenda kwa sonara. Nilikuwa nimeandika "Enzi Iliyopakwa Dhahabu" na masikio yalikataa. Ni kama mtu anapaka ukuta chokaa. Nikaona nimuulize anayeshika kitu chenyewe.

Mzee ana duka dogo mtaa wa nyuma ya soko, hapa Tanga. Nilimwamkia, akaniitikia "Marahaba mwalimu," akanisogezea kiti. Nikamuuliza pete ambayo ndani ni shaba na nje ni dhahabu anaiitaje.

"Hiyo ya kuchovya."

Hakufikiri hata nukta moja. Dhahabu ya kuchovya. Neno nimelisikia tangu utotoni, kwenye harusi, kwenye ugomvi wa mahari, na halikunijia kwa sababu nilikuwa natafuta kwenye makamusi.

Alinionyesha anavyopima. Analisugua pambo juu ya jiwe jeusi, linaacha mstari, anadondosha tindikali na kuutazama mstari ule. Lakini la kuchovya, akasema, linaweza kulidanganya jiwe, kwa kuwa juu pale ni dhahabu kweli. Basi hulikwaruza kwa tupa mahali pasipoonekana, apime cha ndani.

Kisha akasema maneno mawili niliyoyaandika palepale nyuma ya risiti.

La kwanza: "Ya kuchovya haina ubaya, mwalimu, kama muuzaji kasema ni ya kuchovya. Ubaya ni kuiuza kwa bei ya dhahabu."

La pili: "Na huwezi kuchovya bila dhahabu. Kidogo, lakini ya kweli."

La pili limenibadilishia sura nzima. Nilikuwa naelekea kuandika kwamba utajiri wa zama zile ulikuwa uongo. Haukuwa uongo. Reli zilikua kutoka takriban kilomita 85,000 mwaka 1870 hadi zaidi ya 300,000 mwaka 1900. Standard Oil ya Rockefeller, iliyoundwa 1870, ilishika karibu asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta nchini ndani ya miaka kumi hivi. Carnegie alipouza viwanda vyake vya chuma cha pua mwaka 1901, bei ilikuwa dola milioni 480. Dhahabu ilikuwepo. Swali ni ilifika kina gani.

Nyongeza ya usiku: Hartford wenyewe ulikuwa mji wa kuchovya. Ndugu wa ukoo wa Rogers walianza kuuza huko vijiko vilivyochovywa fedha kwa umeme mwaka 1847. Wasomaji wa Twain walikuwa wakila navyo.

25 Januari

Siku nne za tarehe tu, na nimekuta jambo ambalo sikulitarajia.

Ukimuuliza mtu Gilded Age ni nini, atakutajia majumba ya kifahari, dansi za mabilionea na meza za vyombo vya dhahabu. Mimi pia nilianza hivyo. Sasa panga tarehe. Dansi maarufu ya Alva Vanderbilt, mke wa tajiri wa reli, katika jumba lake jipya la New York ilifanyika 26 Machi 1883. Marble House, huko Newport, lilimalizika 1892. The Breakers, lenye vyumba 70, lilijengwa kati ya 1893 na 1895. Riwaya ilitoka 1873. Jina liliyatangulia majumba yote hayo kwa miaka kumi, ishirini.

Basi Twain na Warner walikuwa wakimsuta nani?

Jibu ni wanasiasa wa mji mkuu, Washington, na magazeti ya wiki zile zile walizokuwa wakiandika. Kampuni iliyoitwa Crédit Mobilier iliundwa na wakubwa wa reli ya Union Pacific. Wakawa wanajipa wenyewe zabuni ya kuijenga reli na kujilipa bei waliyotaka, fedha za serikali zikiwa nyuma. Ili Kongresi, yaani bunge lao, isiulize, Oakes Ames, aliyekuwa mbunge, aliwauzia wabunge wenzake hisa kwa bei ya chini. Gazeti la New York lilifichua Septemba 1872, na Februari 1873 Baraza la Wawakilishi likamkaripia Ames rasmi. Mwezi huo huo wawili wale wakaanza sura ya kwanza. Mwezi uliotangulia, Seneta Samuel Pomeroy wa Kansas alikuwa ameumbuliwa kwa tuhuma ya kununua kura. Katika riwaya ndiye anayechungulia nyuma ya Seneta Dilworthy, mcha Mungu wa jukwaani.

Hata ardhi ni ya kweli. Familia ya Hawkins katika riwaya ina ekari 75,000 za Tennessee ambazo kila mwaka ziko karibu kuwatajirisha, na kila mwaka wanabaki maskini wanaosubiri. Baba yake Twain alinunua ardhi ya namna hiyo huko huko Tennessee, akafa akiwaachia watoto matumaini yake. Nadhani ndiyo sababu Sellers, mwongo wa aina yake, ameandikwa kwa huruma kiasi kile.

Na reli ile ile ya Union Pacific! Ilipokutana na ya Central Pacific pale Promontory Summit, Utah, tarehe 10 Mei 1869, uliletwa msumari wa dhahabu wa kukamilishia. Ukaingizwa kwenye tundu lililokwisha tobolewa, ukagongwa taratibu kwa heshima, kisha ukatolewa na pahala pake pakapigiliwa msumari wa chuma. Treni zilipita juu ya chuma. Hili naliweka mwanzo wa sura.

Kisha yakatokea yasiyopangwa na mtu. Riwaya ikiwa imekamilika lakini bado haijatoka, tarehe 18 Septemba 1873 benki ya Jay Cooke ilianguka kwa mzigo wa hati za mkopo za reli zisizouzika. Soko la hisa la New York likafungwa siku kumi. Kitabu kilipofika mikononi mwa wasomaji, Desemba, mlango wa jiko ulikuwa umeshaanguka mbele ya nchi nzima.

Tahadhari ya kuweka pembeni ya ukurasa: jina halikutokana na mabishano ya sarafu ya dhahabu, yaliyofika kilele uchaguzi wa 1896. Wanafunzi watayachanganya.

2 Februari

Jina la riwaya lilikuwaje jina la zama? Polepole kuliko nilivyodhani. Watu wa miaka ya 1880 hawakujiita hivyo. Ni katika miaka ya 1920 ndipo wahakiki na wanahistoria walipolichukua na kulibandika kwenye kipindi chote tangu baada ya vita hadi karibu 1900; Charles na Mary Beard walilitumia katika historia yao kubwa ya Marekani ya 1927. Walikuwa watoto wa zama zile, sasa watu wazima, wakitazama nyuma bila mapenzi.

Nikalinganisha na Wafaransa. Miaka yao ya kabla ya 1914 wanaiita Belle Époque, zama nzuri, na jina hilo nalo lilikuja baadaye, baada ya vita kuu, kwa kutamani kilichopotea. Majina yote mawili yametolewa na watu waliogeuza shingo. Mmoja anasikitika, mwingine anasuta.

6 Februari

Majumba nimeyapa ukurasa mmoja. Ni rahisi kujisahau humo. Marble House lina ukumbi wa dansi ambao mbao za kutani zimepakwa dhahabu kwelikweli, kwa hiyo hapo jina na kitu vimekutana. Katika The Breakers kuna chumba ambacho watu walidhani kimepambwa kwa fedha. Kilipopimwa, ikaonekana ni platinamu iliyofuliwa nyembamba kama karatasi. Familia ilikaa katika jumba hilo wiki chache za kiangazi kila mwaka.

Upande wa pili wa ukurasa nimeweka Homestead, Pennsylvania, kiwanda cha Carnegie, Julai 1892: mishahara inapunguzwa, wafanyakazi wanafungiwa nje, walinzi 300 wa kukodiwa wanaletwa kwa majahazi usiku, na asubuhi kuna maiti pande zote mbili. Na 1877, ule mgomo wa swali la penseli. Ulianza Martinsburg, West Virginia, kampuni ya reli ilipokata mishahara tena, ukasambaa mji hadi mji, na takriban watu 100 waliuawa kabla haujazimwa.

Sitaki kurasa hizi mbili zisomwe moja baada ya nyingine. Nimemwomba mpangaji wa kurasa aziweke zikitazamana.

9 Februari

Sikupanga kuileta pwani yetu katika sura hii. Imejileta.

Nilikuwa nasoma habari za Connecticut nikitafuta vijiko, nikakuta mji unaitwa Ivoryton, mji wa pembe. Uko jimbo lile lile la Twain, pamoja na jirani yake Deep River. Humo viwanda viwili vikubwa vilikata pembe za tembo kutengeneza vibao vya piano, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka Zanzibar. Zilibebwa mabegani kutoka bara, zikapita Tabora, zikashuka Bagamoyo, zikavuka kisiwani, zikapakiwa kwenye meli za Marekani zilizokuwa zimeleta kitambaa ambacho mpaka leo bibi zetu wanakiita merikani.

Piano ilikuwa alama ya nyumba iliyojiweza. Fundi mkata hakutengeneza kibao kizima kwa pembe. Alichana ganda jembamba sana akaligundisha juu ya mti. Unaona weupe wa pembe, unagusa pembe, ndani ni ubao.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii (mkakasi ni kikasha cha mti kilichonakshiwa) ningeweza kuipeleka Connecticut bila kubadilisha neno.

Na waliobeba? Wengine walikuwa wapagazi wa kulipwa, wengine watumwa, na pembe ile ilikuwa nzito kwao mwendo wote. Nimeandika aya mbili. Sitaziongeza, sura ni ya Marekani, lakini sitazitoa pia.

15 Februari

Majaribio ya jina. Nimeandika matatu ubaoni bila maelezo: Enzi ya Dhahabu, Zama za Mkakasi, Zama za Dhahabu ya Kuchovya. Nikawaomba wanafunzi waandike wanatarajia kusoma nini chini ya kila jina.

Enzi ya Dhahabu: ustawi, amani, maendeleo. Kama nilivyoogopa.

Zama za Mkakasi nilikuwa nimelipenda mno. Wa hapa Tanga walitabasamu, wakaelewa mara moja. Wa kutoka Singida na Kigoma waliniuliza mkakasi ni nini, na nilipomaliza kueleza utamu ulikuwa umekwisha. Halafu dhahabu yenyewe imepotea humo. Nimeliacha, methali itabaki katika aya ya pembe.

Dhahabu ya Kuchovya haikuhitaji maelezo kwa yeyote, wa pwani wala wa bara. Kijana mmoja wa nyuma alisema bila kunyoosha mkono: "Ile inayogeuza kidole kijani." Darasa likaitikia. Mwingine akauliza kidole ni nani hapo. Sikujibu. Binti wa swali la penseli akajibu: "Waliovaa."

Palizuka ubishi. Wengine walisema kidole ni wafanyakazi, wengine walisema ni wabunge, maana ndio waliovishwa. Kengele ililia hawajakubaliana.

20 Februari

Hali ya kazi ilivyo leo.

Kichwa cha sura ni "Zama za Dhahabu ya Kuchovya", na chini yake kwa herufi ndogo "Marekani, 1865 hadi 1900". Jina la Kiingereza litatajwa mara moja, ukurasa wa kwanza, kwa kuwa watalikuta kwenye mtihani.

Mwanzo ni msumari wa Promontory. Jiko la Sellers limepata ukurasa wake; tafsiri nimeigeuza mara nne na neno "ulanga" limebaki, ingawa mwenzangu mmoja alitaka kioo. Ulanga ndio uliokuwemo, na Morogoro wanaujua.

Maneno ya mzee wa sonara, yote mawili, nimeyaweka kabla ya takwimu za reli na chuma. Nilimpelekea asome. Alivaa miwani, akasoma polepole, akanirekebisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika tindikali inamwagwa. Inadondoshwa.

Yaliyobaki: ramani ya reli, na aya ya 1877, ambayo nimeifuta yote. Nimempa binti wa kidato cha sita aiandike yeye. Amesema ataileta Jumatatu, na ameomba kitabu chenye habari za Martinsburg.